Mshahara Haulipwi kwa Bakuli: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Michezo ya Vyuo Vikuu Marekani

Kwa Rais wa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, uongozi wa College Sports Commission, tume inayosimamia malipo ya wachezaji, na marais na wakurugenzi wa michezo wa vyuo vikuu vya Marekani.

Waheshimiwa,

Salamu zangu ziwafikie. Mimi ni mhitimu wa chuo kimojawapo kati ya vyuo vyenu, nina tiketi ya msimu, na ni mpokeaji wa zile barua za kuombwa mchango ambazo huongezeka kila timu inapofungwa nyumbani. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa wapo wasomaji wa lugha hii ambao jambo lenyewe linawagusa kuliko linavyonigusa mimi: wazazi wa Iten na Lubumbashi waliowakabidhi watoto wao, na sisi wa Afrika Mashariki tunaoishi huku na kujaza viti vyenu kila Jumamosi. Ofisi kubwa kama zenu hazikosi mtu wa kuwatafsiria.

Neno langu ni moja. Acheni kuwatembezea mashabiki bakuli la kuchangia mishahara ya wachezaji. Wachezaji walipwe, tena walipwe vizuri, lakini alipe yule anayekusanya mapato, kwa mkataba unaosomeka.

Nianze kwa kuwatendea haki wachangaji, maana ninao marafiki miongoni mwao na si watu wabaya. Kwa miaka mingi, aliyempa mchezaji wa chuo bahasha ndiye aliyeitwa mhalifu, na aliyemnyima ndiye aliyeitwa mlinzi wa maadili. Mwaka 1987 NCAA iliwafutia chuo cha SMU, kule Dallas, msimu mzima wa futiboli ya Kimarekani kwa sababu matajiri wa timu walikuwa wakiwalipa vijana kwa siri. Adhabu ile ilipewa jina la adhabu ya kifo, na timu ilichukua miaka mingi kuinuka. Aprili 2014 Shabazz Napier, siku zile zile alizokuwa akiiongoza timu ya chuo cha UConn kutwaa ubingwa wa taifa wa mpira wa kikapu, aliwaambia waandishi wa habari kwamba zipo siku analala na njaa huku jezi yake ikiuzwa madukani. Ndani ya mwezi ule ule mkalegeza kanuni za chakula. Kumbe iliwezekana siku zote, ila palihitajika mtu aseme mbele ya kamera.

Mlikuwa mkiita hiyo michezo ya ridhaa. Ridhaa ya nani? Kocha hakufundisha kwa ridhaa, televisheni haikurusha mechi kwa ridhaa, na muuza bia nje ya uwanja hakuuza kwa ridhaa. Juni 2021 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Alston, ya wachezaji waliopinga ukomo wa marupurupu yao ya masomo, kwa kura 9 kwa 0 dhidi yenu, na Jaji Kavanaugh akaongeza maoni yake kwamba NCAA haiko juu ya sheria. Tarehe 1 Julai mwaka ule mkawaruhusu wachezaji wafanye biashara ya majina na sura zao, jambo ambalo sasa kila mtu analiita NIL, kifupi cha Kiingereza cha name, image and likeness. Nilifurahi, na bado nafurahi. Kijana akitangaza viatu, duka la magari au mgahawa wa jirani na chuo, hiyo ni haki yake, kama ilivyo haki ya mwanafunzi wa muziki kupiga gitaa harusini akalipwa.

Ila biashara ya matangazo haikudumu mwaka kabla ya kugeuka. Vikaundwa vikundi vya michango, karibu kila chuo kikubwa na chake, vikiongozwa na wahitimu wenye pesa na mara nyingi vikipigiwa debe na kocha mwenyewe. Shabiki anakatwa kiasi fulani kila mwezi, tajiri anaandika hundi, na mchezaji analipwa kwa kusaini mipira michache au kupiga picha kwenye hafla ya hisani. Hakuna aliyedanganyika. Ule ulikuwa mshahara. Mwaka 2024 mkurugenzi wa michezo wa Ohio State, Ross Bjork, alisema wazi kwamba kikosi chao cha futiboli kiligharimu takriban dola milioni 20, na Januari 2025 wakabeba ubingwa. Vikundi vingine vilijisajili kama vya hisani ili mchangaji apate nafuu ya kodi, mpaka Juni 2023 mamlaka ya kodi, IRS, ilipotoa waraka kwamba vingi kati yao havistahili, kwa kuwa wanaonufaika ni wachezaji binafsi na si jamii. Mtu aliyekuwa akidhani anatoa sadaka akaambiwa amemlipa kwotabeki, yule mchezaji anayeongoza mashambulizi ya futiboli.

Kisha ikaja tarehe 6 Juni 2025. Jaji Claudia Wilken aliidhinisha makubaliano ya kesi ya House, ambayo wachezaji waliifungua dhidi yenu: takriban dola bilioni 2.8 za fidia kwa wachezaji wa miaka iliyopita, na kuanzia msimu wa 2025/26 kila chuo kilichojiunga kiruhusiwe kuwalipa wachezaji wake moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka huo wa kwanza. Mimi na wenzangu wa jukwaani tukapumua. Tukasema sasa bakuli litawekwa kabatini.

Halikuwekwa. Kikomo cha milioni 20.5 kiligeuka kuwa mahali pa kuanzia, na michango ikawa ya kuongezea juu yake. College Sports Commission ilitangaza Julai 2025 kwamba kikundi ambacho kazi yake ni kukusanya pesa na kuwagawia wachezaji hakina biashara halali, na mikataba yake haitapitishwa. Mawakili wa wachezaji wakabisha, na kabla mwezi haujaisha kanuni ikalegezwa, vikundi vikarudi mezani. Tennessee, kwa upande wao, walikuwa wameshatangaza tangu Septemba 2024 kwamba tiketi za msimu zitaongezwa asilimia 10 kama ada ya vipaji. Angalau wao waliandika bei kwenye tiketi bila kuniita mfadhili, na kwa hilo nawaheshimu kuliko wale wanaonitumia barua yenye picha ya kijana anayetabasamu.

Wasomaji wangu wa Tanzania najua wameshaanza kutabasamu nao, kwa hiyo nilitaje jambo lenyewe. Yanga ilipoyumba baada ya Yusuf Manji kuachia ngazi mwaka 2017, mishahara ilianza kuchelewa, na msimu wa 2018/19 kocha Mwinyi Zahera, Mkongo asiyemung'unya maneno, aliwahimiza mashabiki waichangie timu yao. Bakuli likatembea kweli kweli, uwanjani na kwenye simu. Watani wao wa Simba walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi sikuona cha kucheka. Klabu haikuwa na kitu, tajiri ameondoka, na yule mwenye shilingi elfu moja alijua kwamba asipotoa yeye, beki wake hatalipa kodi ya nyumba. Hali ilipotengemaa na wadhamini wakapatikana, bakuli likakosa kazi. Mchango ndivyo ulivyo kwetu: wa msiba, wa harusi, wa hospitali, wa kijana aliyepata nafasi ya kusoma Marekani na hana nauli. Unachangia pengo ambalo hakuna mwingine wa kuliziba.

Nanyi pengo lenu liko wapi? Mkataba wa televisheni wa mashindano ya Machi ya mpira wa kikapu, ulioongezwa hadi mwaka 2032, unawaingizia NCAA takriban dola bilioni 1.1 kwa mwaka. Big Ten, ligi moja tu ya vyuo, peke yao wana mkataba wa miaka 7 unaozidi dola bilioni 7. Novemba 2023 Texas A&M walimfukuza kocha Jimbo Fisher wakakubali kumlipa zaidi ya dola milioni 75 ili asifundishe. Asifundishe, nasema. Kwa pesa hiyo wachezaji wote wa chuo kimoja wangelipwa misimu mitatu kwa kiwango cha sasa. Sijawahi kuona barua ya kuniomba nichangie kumfukuza kocha, ingawa yapo majira ambayo ningetoa kwa moyo mkunjufu.

Najua jibu lenu, maana nimelisikia kwenye mikutano ya wahitimu: mapato yote yanatumika, idara nyingi za michezo hazibaki na faida. Naam, hazibaki, kwa sababu kwa miongo kadhaa pesa ambayo isingeweza kwenda kwa mchezaji ilitafuta mahali pengine pa kwenda. Ilikwenda kwenye mishahara ya makocha, kwenye vyumba vya kuvalia vyenye maporomoko ya maji, kwenye wasaidizi wa wasaidizi. Huo ni uamuzi, na mliouamua ni ninyi. Kuniomba mimi nizibe nafasi iliyobaki bila kunionyesha hesabu ni kunifanya mjinga.

Lakini hasara ya shabiki ni ndogo. Hasara kubwa ni ya mchezaji, kwa kuwa mshahara unaotokana na mchango haumpi pa kushika. Jaden Rashada, kijana wa sekondari aliyekuwa akitafutwa na kila mtu, aliahidiwa dola milioni 13.85 ili ajiunge na Florida mwaka 2022. Ahadi ikavunjika, akaondoka kabla hajaichezea, akaenda Arizona State, na Mei 2024 akafungua kesi. Septemba mwaka huo huo Matthew Sluka, kwotabeki wa chuo cha UNLV, aliacha timu ikiwa imeshinda mechi zote tatu za mwanzo, upande wake ukisema aliahidiwa dola 100,000 ambazo hazikufika. Kikundi cha wachangaji kikasema hakukuwa na makubaliano rasmi. Nani msema kweli? Sijui, na hapo ndipo ubaya ulipo. Mwajiri ana ofisi, ana mkataba, anashtakika. Kikundi cha michango kina mwenyekiti mwenye shughuli zake, akaunti inayotegemea hamasa ya wiki, na maneno ya simu. Timu ikifungwa mara tatu mfululizo wachangaji wanapungua. Je, goti la kijana nalo liponeshwe kwa asilimia?

Halafu atoaye ndiye asemaye. Tajiri aliyelipia nusu ya safu ya ushambuliaji hatakaa kimya kocha akimweka kijana wake benchi. Mnajua haya kuliko mimi. Simu hizo mnapokea ninyi.

Sasa niwafikishe kwenye lile linalonikera kuliko yote. Mchango hufuata mapenzi, na mapenzi ya shabiki wa Kimarekani yako kwenye futiboli na kikapu cha wanaume. Hata ule mgawo rasmi unaotokana na kesi ya House, ambao vyuo vingi vikubwa vimeufuata, hupeleka takriban asilimia 75 kwenye futiboli na 15 kwenye kikapu cha wanaume. Kikapu cha wanawake hupata kama 5, na michezo mingine yote hugombea 5 iliyobaki. Hesabu ya michango ni mbaya kuliko hiyo. Hakuna aliyewahi kunisimamisha kwenye maegesho ya magari akiniomba nimchangie mkimbiaji wa mita 10,000.

Na wakimbiaji hao wengi ni wetu. Suleiman Nyambui aliondoka Tanzania akawa mkimbiaji wa chuo cha UTEP, kule El Paso, akawazolea mataji ya chuo mengi, na mwaka 1980 akachukua medali ya fedha ya mita 5,000 mjini Moscow. Medali hiyo na ile ya Filbert Bayi ya michezo hiyo hiyo ndizo pekee Tanzania iliyowahi kupata kwenye Olimpiki. Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Washington State mwaka 1978 alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81: mita 5,000, kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Hapajakuwa na mwanachuo mwingine wa aina ile. Miaka ya baadaye aliishi huko huko Marekani kwa vibarua, na kuna kipindi hakuwa hata na pa kulala. Juni 2025 Doris Lemngole, Mkenya, mkimbiaji wa Chuo Kikuu cha Alabama, alikuwa mwanachuo wa kwanza kumaliza mita 3,000 za viunzi na maji chini ya dakika 9. Chuo chake kinajulikana kwa futiboli duniani kote. Ni mashabiki wangapi wa uwanja ule wangeweza kulitaja jina lake?

Tena hata wakipendwa, wengi hawana njia ya kupokea. Mwanafunzi mgeni huingia kwa viza ya F-1, na viza hiyo hairuhusu kazi nje ya chuo ila kwa masharti finyu. Akisaini mkataba wa NIL akalipwa hapa Marekani, anaweza kuhesabiwa amefanya kazi bila kibali, na adhabu yake ni kurudishwa kwao. Malipo ya moja kwa moja kutoka chuoni nayo vyuo vingi vinayasitasita kwa wageni, kwa hofu hiyo hiyo.

Mnamkumbuka Oscar Tshiebwe. Kijana wa Lubumbashi, Mswahili mwenzetu, aliyeichezea Kentucky na mwaka 2022 akatangazwa mchezaji bora wa taifa, akiokota mipira zaidi ya 15 kwa mechi chini ya kikapu. Agosti mwaka huo timu yake ilipokwenda Bahamas kwa mechi za maandalizi, ndipo akapata nafasi ya kufanya biashara ya jina lake, kwa kuwa alikuwa nje ya mipaka ya Marekani. Fikirini: mchezaji bora wa nchi nzima anapanda ndege kwenda kisiwani ili apokee kile ambacho mwenzake wa akiba, mzaliwa wa Lexington, mji wa chuo hicho, anakipokea akiwa kitandani bwenini. Na huyo alikuwa nyota, mwenye mawakili na chuo kizima nyuma yake. Msichana wa mbio za nyika kutoka Elgeyo-Marakwet hana timu ya kumpeleka Bahamas.

Wakati huo huo makubaliano ya House yamekuja na ukomo wa idadi ya wachezaji kwa kila mchezo. Timu ya mbio za nyika sasa haizidi watu 17. Mlisema ukomo huo utaongeza ufadhili wa masomo, kwa kuwa kila aliye kikosini anaweza kufadhiliwa kikamilifu. Anaweza, ndiyo. Lakini mkurugenzi anayetafuta milioni 20 za kugawa hataanza kwa kuongeza ufadhili wa riadha. Ataanza kwa kuukata, na vyuo kadhaa vimeshafuta timu za michezo isiyo na watazamaji. Mlango alioingilia Nyambui unazidi kuwa mwembamba, na hela ya ukarabati haimo kwenye bakuli mnalonitembezea.

Wapo watakaonijibu kwamba pesa ni yangu na hiari ni yangu, asiyetaka asitoe. Kweli. Simzuii mtu kumpa kijana anayempenda, na nisingependa turudi kwenye enzi za bahasha za siri na adhabu za kifo. Akitaka kumlipa mchezaji aje azindue duka lake, amlipe. Ninachokipinga ni chuo, taasisi yenye mikataba ya mabilioni, kusimama nyuma ya mchango huo na kuufanya sehemu ya bajeti yake ya mishahara, kisha kuniambia kwamba nisipotoa kwotabeki ataingia kwenye dirisha la uhamisho na kosa litakuwa langu. Hiyo si hiari tena. Nimekaa kwenye kamati za harusi za kutosha kuitambua sauti ya mtu anayekukumbusha ahadi mbele za watu.

Mnachotakiwa kufanya mnakijua, maana mmekikwepa kwa muda mrefu. Wachezaji wa futiboli wa Northwestern walitaka chama chao cha wafanyakazi mwaka 2014, mkapigana mpaka bodi ya serikali ya mahusiano ya kazi ikakataa kuliamua suala lenyewe. Wachezaji wa kikapu wa Dartmouth walipiga kura Machi 2024, 13 kwa 2, waunde chama. Chuo kikagoma kukaa nao mezani, na mwisho wa mwaka ombi likaondolewa. Kaeni nao. Ligi zote kubwa za kulipwa za nchi hii zina makubaliano ya pamoja na wachezaji, na ndiyo maana kikomo cha mishahara huko hakipelekwi mahakamani kila mwaka kama chenu. Mkiisha kukubaliana nao, chapisheni hesabu: kiasi gani kimeingia kutoka televisheni, kiasi gani kimekwenda kwa wachezaji, kiasi gani kwa makocha wanaofundisha na kwa wale wanaolipwa wasifundishe. Baada ya hapo, kama bado pana pungufu, pandisheni bei ya tiketi waziwazi. Nitalipa, au nitabaki nyumbani nitazame kwenye televisheni. Hiyo ndiyo hiari.

Jambo la mwisho ni la wageni. Mmekuwa mkienda Congress, Bunge la Marekani, kila mara, na mswada wa SCORE Act uliowasilishwa Julai 2025 umebeba mengi mnayoyataka: kinga dhidi ya kesi za sheria ya ushindani wa kibiashara, na tamko kwamba wachezaji si waajiriwa. Mna washawishi wa kulipwa wanaozijua ofisi zote za Bunge hilo. Basi mtakaporudi huko, kabla ya kuomba kinga yenu, ombeni kifungu kimoja kwenye sheria ya uhamiaji kitakachomruhusu mwanafunzi mwenye viza ya F-1 kulipwa kwa mchezo ule ule mliomwitia. Hakitaigharimu serikali chochote. Na mkipata jibu, hata kama ni la kukataliwa, liandikeni kwenye barua mnazowatumia wazazi wa Iten mnapokuja kuwaomba watoto.

Ni mimi wenu,
Shabiki mwenye tiketi ya msimu, jukwaa la juu